Ziwa Limepanda, Mji Umelishukia: Mvua, Makazi na Magonjwa ya Mlipuko Kigoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na mitaa, wenyeviti wa mitaa, viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa uvuvi, kutoka mialo yetu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wazee wetu wa Ujiji na ndugu wote mliofika: Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye.

Tumeombwa tueleze namna kukua kwa miji na mabadiliko ya tabianchi vinavyochangia kuenea kwa magonjwa ya kuambukiza. Mada hii ni pana, na kwa kawaida huzungumzwa kwa upana huohuo mpaka msikilizaji anatoka ukumbini akijua kwamba dunia inapata joto, basi. Leo tutabaki hapahapa, baina ya Kibirizi na mdomo wa mto Luiche, na muda mwingi tutautumia kwenye choo cha shimo, ndoo ya maji na klorini. Mbu watapata sehemu yao. Kichocho tutakigusa tu.

Tuanze na hesabu ya watu, maana inapotosha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 215,000 katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 232,000. Hilo ni ongezeko la asilimia 8 hivi kwa miaka 10, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Anayesoma takwimu hizo akiwa mezani Dodoma atasema Kigoma haina msongamano wa kutisha. Lakini kipindupindu hakiangalii wastani wa manispaa. Kinaangalia watu wamejenga wapi, wanashea choo wangapi, na wangapi wanapita bila kuhesabiwa na sensa yoyote.

Viwanja vya bei ya chini viko sehemu mbili. Kuna miteremko, ambako udongo ni wa kuporomoka na mvua ikinyesha kila uchochoro unakuwa korongo. Na kuna sehemu za chini: kando ya ziwa, na mabonde kama Katubuka ambako maji ya mvua hayana pa kutokea. Wa juu na wa chini wameunganishwa na mtaro mmoja. Mwenye nyumba wa juu akingoja mvua kubwa usiku atapishe choo chake, na tunajua sote kwamba hili linafanyika, anayepokea ni wa chini. Kisha mtaro unaishia ziwani, palepale kina mama wanapochota, wanapofua na wanapooshea vyombo.

Mei 2015 mkoa huu ulishuhudia mji ukizaliwa kwa majuma mawili. Kagunga ni kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, mpakani na Burundi. Wakati ule hakikuwa na barabara ya gari, njia ilikuwa maji tu. Wakimbizi wa Burundi wapatao 50,000 walirundikana ufukweni wakisubiri meli ya MV Liemba iwalete Kigoma. Vyoo havikuwepo kwa idadi ile, maji ya kunywa yalikuwa ziwa lenyewe. Kabla mwezi haujaisha, wagonjwa wa kipindupindu mkoani walikuwa wamefika 3,000 hivi na vifo vilizidi 30, wengi wao wakimbizi. Baadaye chanjo ya kunywa ilitolewa, mlipuko ukazimwa. Tunaukumbusha mfano huu kwa sababu vita na siasa ndizo zilizowaleta watu, ila kilichowaua kilikuwa hesabu rahisi: watu wengi, ufukwe mwembamba, kinyesi na maji ya kunywa mahali pamoja. Hesabu hiyohiyo ipo kwenye mialo yetu kila msimu, kwa kiwango kidogo zaidi na bila kamera za waandishi wa habari. Tangu 2024 ziwa linafungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Likifunguliwa, wavuvi, wabebaji, wanunuzi wa dagaa na mama lishe wanarudi kwa mkupuo. Mwalo uliokuwa na watu 200 unakuwa na 1,000 huku matundu ya choo yakiwa yaleyale. Viongozi wa BMU, hapo ndipo mahali pa kuhesabu matundu kabla hamjahesabu vyombo.

Sasa ziwa. Tangu mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 na 2020, maji ya Tanganyika yamepanda na kuingia kwenye magati, masoko na nyumba za pwani, hapa kwetu, Burundi na Kongo. Wazee watakumbuka kwamba lilipanda pia miaka ya 1960, likafika kilele 1964. Kwa hiyo si kila mita ya maji ni ya kubandikwa mabadiliko ya tabianchi. Ziwa hili lina tabia yake ya kupanda na kushuka. Lakini joto la Bahari ya Hindi linapokaa vibaya tunapata misimu ya mvua isiyo ya kawaida, na misimu hiyo inatarajiwa kuwa ya mara kwa mara zaidi. Kilicho muhimu kwa mtu wa afya ni hiki: ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kalemie, na maji mengi hupotea kwa mvuke, si kwa mto. Likijaa, halishuki kwa juma moja kama mafuriko ya mto Msimbazi kule Dar es Salaam. Linakaa miaka. Choo kilichoingiwa na maji 2021 hakingoji kiangazi kikauke, kwa sababu maji ya chini ya ardhi yamepanda pamoja na ziwa.

Hapo ndipo ushauri wa kawaida wa "chimbeni vyoo virefu" unapogeuka kuwa hatari. Futi 15 za Kasulu, mbali na ziwa, ni sawa. Futi 15 kwenye mchanga wa Ujiji ya chini, mita 100 kutoka ziwani, ni bomba la kupeleka kinyesi kwenye kisima cha jirani. Kanuni ni kwamba kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5, na choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kupima kina cha maji mwezi wa Agosti, fundi akapata pakavu, akajenga. Pima Aprili, maji yakiwa juu kabisa. Na kama ni lazima kujenga kiangazi, tafuta alama ya maji kwenye ukuta wa kisima cha karibu na utumie hiyo.

Pale ambapo mita 1.5 haipatikani, choo kiinuliwe. Chimba kidogo au usichimbe kabisa, jenga chemba ya tofali za saruji juu ya ardhi, piga lipu ndani na nje hadi nusu mita juu ya alama ya maji ya juu kabisa iliyowahi kuonekana hapo, kisha ngazi na kibanda juu yake. Ukubwa unakokotolewa hivi: mtu mmoja huacha tope la lita 40 hadi 60 kwa mwaka. Familia ya watu 6 ni kama lita 360, kwa hiyo chemba ya mita moja kwa mita moja yenye kina cha mita 1.5, ukiacha nusu mita ya juu wazi, itachukua karibu miaka 3 kabla ya kunyonywa. Sasa chukua nyumba ya kupangisha, vyumba 6, wapangaji 20, choo kimoja kilichochimbwa wakati baba mwenye nyumba akiishi na wanawe tu. Tope linafika lita 1,200 kwa mwaka. Chemba ileile inajaa kabla mwaka haujaisha, na kabla ya kujaa inakutwa na masika. Hivi ndivyo mji unavyokua kwetu: nyumba ni ileile, shimo ni lilelile, vichwa vimeongezeka mara tatu. Mwenyekiti wa mtaa anayetaka kujua choo gani kitatapishwa mwaka huu hahitaji mtaalamu. Ahesabu wapangaji, agawanye.

Choo kikishafurika, watu humwaga klorini shimoni. Ni hasara. Kinyesi na uchafu mwingine hula klorini yote kabla haijafikia kimelea. Kwa tope la shimo tumia chokaa iliyozimwa, koroga kadiri inavyowezekana. Chokaa hupandisha ualkali, ambao kipimo chake ni pH, hadi pH 12, na hapo vimelea vya kipindupindu havivumilii. Klorini ibaki kwa ajili ya uwanja, sakafu na ngazi, tena baada ya kuzoa uchafu kwanza. Kunyunyizia juu ya tope ni kujifurahisha.

Sasa maji ya kunywa, na hapa tunaomba mtuvumilie maana ndipo penye jambo ambalo mabango ya mikoa mingine hayalisemi. Tanganyika ni ziwa angavu. Mtu anaona kokoto za chini, anaamini. Lakini maji haya ni ya alkali: pH yake juu juu huwa kati ya 8.5 na 9 hivi. Kimelea cha kipindupindu kinapenda ualkali. Fundi wa maabara akitaka kukikuza kutoka kwenye sampuli hukiweka katika maji ya peptoni yenye pH ya karibu 8.6. Ziwa letu limefika hapo lenyewe, bila maabara. Na ualkali huohuo unaidhoofisha klorini. Klorini ikiingia majini hugawanyika sehemu mbili, moja yenye nguvu ya kuua na moja dhaifu. Kwenye maji yenye pH 7, robo tatu ya klorini iko upande wenye nguvu. Kwenye pH 9, ni sehemu 3 au 4 tu kati ya 100. Klorini ile dhaifu inaua pia, ila inataka muda.

Kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa kwenye pakiti, "subiri dakika 30", yameandikwa kwa ajili ya maji yenye pH chini ya 8. Kwa maji ya ziwa subiri saa nzima. Na ukipima klorini iliyobaki baada ya saa hiyo, usiridhike na 0.2, tafuta kati ya miligramu 0.4 na 1 kwa lita.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Chota mbali na mdomo wa mtaro au kijito. Kama mvua imenyesha na maji ya Luiche yameingiza wekundu ziwani, acha ndoo itulie mpaka tope likae chini. Kisha mimina kwenye ndoo nyingine kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne au zaidi. Kanga kuukuu inafaa kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimeshatanuka na kubana matundu. Huko Bangladesh vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa kimelea hiki hujishikiza kwenye vijidudu vidogo vinavyoelea majini, na hivyo hunaswa na kitambaa. Kuchuja peke yake hakutoshi, lakini kunaifanya klorini ifanye kazi kwa kimelea badala ya kupotea kwenye tope. Baada ya hapo weka kidonge kimoja cha miligramu 67, kile ambacho wengi wanakiita WaterGuard hata kikiwa cha kampuni nyingine, kwa ndoo ya lita 20. Koroga, funika, angalia saa.

Lini viwe vidonge viwili? Chukua chupa angavu ya lita moja na nusu, ijaze yale maji, isimamishe juu ya gazeti, chungulia kupitia mdomo wake. Kama kichwa cha habari hakisomeki, kidonge kimoja hakitoshi. Na kama bado hakisomeki hata baada ya kutuliza na kuchuja, chemsha. Mchemko wa kububujika wa dakika moja unatosha, haihitaji nusu saa. Mkaa ni ghali, na tukiwaambia watu wachemshe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika tunawafanya waache kabisa.

Kipima klorini mtakachopewa kina kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Rangi ikiwa hafifu, klorini ni kidogo. Lakini kuna mtego: rangi ikitokea ghafla ikapotea, au isipotokea kabisa kwenye maji yanayonuka klorini waziwazi, si kwamba imekwisha, imezidi mno mpaka imeichubua rangi yenyewe. Punguza kwa maji safi upime tena. Vidonge hivyo vinaharibiwa na unyevu wa mikono, visishikwe.

Kwa usafi wa vyombo na sakafu tunatumia klorini ya unga, HTH ya asilimia 70. Asilimia 0.5 inapatikana kwa gramu 7 kwa lita, yaani vijiko vya mezani 10 vya kusawazisha kwenye ndoo ya lita 20. Ya kunawia mikono ni dhaifu mara 10: sehemu moja ya ile ya kwanza kwa sehemu 9 za maji. Anayetumia jiki ya asilimia 3.5 achukue sehemu moja kwa sehemu 6 za maji apate 0.5. Ndoo iwe ya plastiki, maana bati linaliwa. Usichanganye na sabuni. Acha unga utulie, tumia maji ya juu, mashapo ya chini yasiende kwenye pampu ya kunyunyizia yatakuja kuiziba. Na iwekwe kivulini: dawa iliyochanganywa asubuhi ikashinda juani mwaloni, jioni ni maji ya kawaida yenye harufu.

Tuseme kidogo kuhusu bomba. Maji ya KUWASA, mamlaka yetu ya maji, yanatoka yakiwa yametibiwa, ila mji wa vilima unategemea pampu, na pampu inategemea umeme. Umeme ukikatika, presha inashuka, na bomba lenye tundu linaanza kunyonya kilichoko nje yake. Kama bomba hilo limepita ndani ya mtaro, na mengi ya kuunganishia nyumba yamepita humo kwa sababu ndiyo njia fupi na hakuna wa kukuuliza, basi linanyonya maji ya mtaro. Presha ikirudi, yanakuja mezani. Ndiyo maana mgao wa maji na kuhara hufuatana. Maji yakikatika na kurudi, yale ya mwanzo yamwagwe au yatumike kufulia. Bomba la nyumba lipandishwe juu ya ukingo wa mtaro, hata kama ni kwa kuongeza mita 4 za bomba.

Mgonjwa. Kipindupindu kinaua kwa kumkausha mtu, na kinaweza kumaliza kazi kwa saa chache. Akitibiwa mapema na vizuri, hafi. Vifo havipaswi kufika 1 kati ya 100. Mtu mzima mwenye upungufu wa wastani anywe lita 2 hadi 4 za ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wa pakiti, ndani ya saa 4. Anayetapika asisimamishiwe: apumzike dakika 10, aendelee kwa vijiko. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, na zinki kwa siku 10. ORS iliyokorogwa jana imwagwe. Mgonjwa aliyezimia au asiyeweza kunywa anahitaji dripu ya Ringer, mililita 100 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 50 ni lita 5 ndani ya saa 3, na lita 1.5 kati ya hizo ziingie nusu saa ya kwanza. Makosa yanayoua hapa tunayajua: sindano moja nyembamba, dripu inadondoka taratibu kana kwamba ni ya malaria, au mtu anatundikiwa dextrose, yaani maji ya sukari, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kabatini. Na kwa mkoa wetu ongeza kosa la nne, safari. Mgonjwa kutoka kijiji cha ziwani anapakiwa kwenye boti la saa kadhaa bila tone la kunywa. Kila boti la abiria linalotoka Kibirizi lingekuwa na pakiti 10 za ORS na dumu la maji yaliyotibiwa, tungezuia vifo vinavyotokea katikati ya maji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mafuta ya kuwashia injini.

Msibani, wanaoosha mwili wawe wachache, watumie klorini ya 0.5, na wasishike chakula cha waombolezaji. Masheikh na wachungaji wanalielewa hili tukienda kwao mapema. Tukienda siku ya msiba tunaonekana wakorofi.

Tugeukie mbu. Kimelea cha malaria hakiambukizi mara tu mbu anapokinyonya. Kinapevuka kwanza tumboni mwake, na muda huo unategemea joto. Kanuni ni ya zamani na rahisi: chukua 111, gawa kwa nyuzi zilizozidi 16. Kwenye joto la 20, kama kwenye vijiji vya milimani Buhigwe, ni siku 28. Ongeza nyuzi moja tu, zinakuwa 22. Sasa, mbu ni wa kufa haraka. Tukichukulia kwamba kila siku wanakufa 15 kati ya 100, atakayefika siku ya 28 ni mmoja tu kati ya 100. Watakaofika siku ya 22 ni karibu 3. Nyuzi moja, hatari mara tatu. Huku chini Kigoma, ambako joto liko 24 hivi, nyuzi moja inapunguza siku kutoka 14 hadi 12, na mbu wanaofikia kuambukiza wanapanda kutoka 10 kwa 100 hadi 13 au 14. Kwa hiyo ongezeko la joto litawaumiza zaidi watu wa milimani, ambao miili yao haina mazoea ya malaria, kuliko sisi ambao tayari tunayo ya kutosha. Kipimo cha kitaifa cha 2017 kilikuta malaria kwa asilimia 7 ya watoto wa chini ya miaka 5; Kigoma ilikuwa asilimia 24, ya kwanza nchini. Mwaka 2022 nafasi hiyo isiyo na heshima ilikwenda kwa jirani zetu wa Tabora, asilimia 23.

Kwenye mji, swali si joto bali madimbwi ya kazi za watu: mashimo ya matofali, machimbo ya mchanga, mifereji ya bustani, majaruba ya bonde la Luiche. Anofelesi, mbu wa malaria, anataka maji yanayopigwa na jua, na kutoka yai hadi kuruka ni siku 7 hadi 10. Chukua upawa mweupe, chota ukingoni taratibu, tazama. Kiluwiluwi kinacholala sambamba na uso wa maji ni cha anofelesi, wa malaria. Kinachoning'inia kichwa chini, kikipumulia mkiani, ni cha aedesi au kuleksi. Dimbwi la kufukia lifukiwe. Lisilofukika lipigwe dawa ya kibaiolojia inayotengenezwa Kibaha, kila wiki; anayepiga mara moja kwa mwezi amewapa mbu wiki tatu.

Aedesi ndiye wa dengue, na yeye ni mbu wa mjini hasa: pipa, dumu lililokatwa, tairi la gereji, sahani ya chini ya ua. Mayai yake yanakaa makavu miezi kadhaa, mvua ikija yanaangua. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi. Kuta za pipa zisuguliwe kwa brashi, kila baada ya siku 7. Dar es Salaam ilipata wagonjwa maelfu mwaka 2019. Treni na mabasi yanafika hapa. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Na kwa wenzetu wa maduka ya dawa: mwenye homa, maumivu nyuma ya macho na kipimo cha malaria hasi, mpe paracetamol. Diclofenac, ibuprofen na aspirini zinaongeza kutoka damu.

Simtanki zetu pia zifunikwe kwa wavu, na bomba la kumwagia maji ya ziada lifungwe wavu vilevile, maana hapo ndipo watu husahau. Kuna anofelesi mwingine kutoka Asia, stefensi, anayezaliana kwenye matangi ya mijini. Djibouti ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria mwaka 2012. Kufikia 2020 walizidi 73,000, na mbu huyo ni sehemu kubwa ya maelezo. Ameshaonekana Kenya. Mji unaojaa simtanki zisizo na mifuniko umemwandalia chumba.

Kichocho: ziwa likipanda linafunika majani ya pwani, konokono wanaobeba kimelea chake wanapata malazi mapya. Watoto wanaooga kwenye majani wapelekwe kupata dawa yake, praziquantel, siku za dawa shuleni. Inatosha kwa leo.

La mwisho ni taarifa. Mtu wa miaka 2 au zaidi akiishiwa maji mwilini kabisa au akifa kwa kuhara majimaji, msisubiri wa pili. Piga 199, bila malipo, na mjulishe mganga wa kituo siku hiyohiyo. Kinyesi kichukuliwe kabla ya dawa ya kuua bakteria, kwenye chombo ambacho hakijasuuzwa kwa klorini. Sampuli nyingi zinarudi hasi kwa sababu ya usafi wetu wenyewe. Vipima klorini viko kwenye meza ya kushoto, kimoja kwa kila kata na kimoja kwa kila BMU, na mhudumu atawaonyesha namna ya kusoma rangi. Wenyeviti, orodha ya vyoo na idadi ya wapangaji tunaiomba kabla ya mvua za Novemba. Karibuni kwa maswali.